Falsafa kidato cha kwanza: tunawafungua akili au tunawapotezea muda?

Mwalimu wa tuisheni, Ngamiani
Habari za jioni, wana Tanga. Jumamosi niliweka vitabu kando nikawauliza vijana wangu: jahazi linabadilishwa mbao moja moja kadiri zinavyooza, mpaka ya zamani haibaki hata moja. Ni jahazi lile lile? Kisa kipo tangu enzi za Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, karibu miaka 1,900 iliyopita, kuhusu chombo cha shujaa wao Theseus kule Athens. Mimi Wagiriki sikuwataja, nilitaja majahazi ya Deep Sea hapa Tanga. Walibishana saa nzima! Jumatatu mzazi mmoja kaja juu: yeye analipia hesabu, halipii porojo. Mimi nasema fikra tunduizi zianzie kwenye kitu wanachokiona, majina na nadharia vifuate. Mnasemaje?

Mama wa watatu, Makorora
Mwalimu, huyo mzazi namwelewa. Mtihani hauulizi majahazi. Na wangu wa pili siku hizi kila nikimtuma dukani, "kwa nini mimi?" Ndiyo falsafa hiyo?

Mstaafu, Chumbageni
Ndipo inapoanzia, mama. Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, 1967, alitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Tukashika majembe, udadisi tukauacha. Ila mwalimu, vitendawili tunavyo tele. Jahazi la Wagiriki la nini?

Mwalimu wa tuisheni
Shikamoo mzee wangu. Kitendawili kina jibu, na analo aliyetega. Ukishindwa unampa mji, mchezo umekwisha. Hili la jahazi hata mimi sina jibu. Vijana walipolitambua hilo, waliacha kunitazama mimi wakaanza kutazamana wenyewe.
Mama, "kwa nini mimi?" bado si hoja. Mwambie atoe sababu, nawe utoe yako. Yake ikiwa na uzito, mtume mwingine. Yako ikizidi, akanunue chumvi.

Fundi wa vyombo, Pangani
Mnajisumbua. Chombo ni mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima. Mbao tunabadilisha, mataruma, yaani mbavu zake, tunabadilisha, kalafati ya kuzibia nafasi za mbao ndiyo usiseme. Ukibadilisha mkuku umeunda chombo kingine, hata ukikipaka jina lile lile.

Mama wa watatu
Na mwenye chombo je? Leseni anayo ile ile, na aliyemkopesha anadai deni lile lile. Atamwambia chombo kile hakipo tena?

Fundi wa vyombo
Deni ni la mtu, si la chombo. Lakini leseni... hapo umenibana, dada.