Diski gani ya kutunzia skani za hati na kaseti kwa miaka mingi?

MtunzaHati
Wakuu, habari za leo. Kuna TB 3 za skani za TIFF za hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, pamoja na sauti za WAV kutoka kaseti za zamani za taarabu. Hati zinaliwa na mchwa, kaseti zinaota ukungu, kwa hiyo nakala hizi ndizo zitakazobaki. Tuko Pwani: unyevu, joto, umeme wa kukatikakatika. Zote zimo kwenye SSD (diski ya chipu) moja ya nje. Dukani wanashauri tuongeze SSD nyingine tuifungie kabatini. Ni sawa?

FundiDiski
Ya kufungia kabatini isiwe SSD, mkuu. SSD hushika data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja ikikaa bila kuchomekwa. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki, kinaitaka SSD ya kawaida iliyofika mwisho wa uwezo wake wa kuandikwa ishike data mwaka 1 tu bila umeme, kwenye nyuzijoto 30. Ikiwa mpya hushika zaidi, lakini kabati la Pwani hupita joto hilo, na joto huharakisha kuvuja.

Nunua hard disk (diski za sahani za sumaku zinazozunguka) 3 za inchi 3.5, TB 4 kila moja, za CMR, yaani mistari ya data haipandani. Soma namba ya modeli kwenye lebo ya diski yenyewe. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba WD Red za TB 2 hadi 6 zinazoishia EFAX ni SMR: mistari ya data imepandana kama vigae vya paa, kwa hiyo kubadilisha kipande kidogo kunalazimu ukanda mzima uandikwe upya. Diski kama hiyo ikiingizwa kwenye RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) kuchukua nafasi ya iliyokufa, hukwama katikati ya kujazwa mpaka mfumo huiona mbovu na kuitoa. WD Red Plus na Seagate IronWolf ni CMR.

Mbili ziwe pacha, kila moja nakala ya mwenzake, za ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili unaogundua data iliyoharibika) ndani ya kompyuta, yenye UPS (betri ya akiba), na `zpool scrub`, amri ya kukagua data yote, kila mwezi. Ya tatu ikae jengo lingine. Changanya kampuni, maana diski za toleo moja huweza kuwa na kasoro moja na kufa kwa kufuatana.

BiKumbukumbu
Naongezea: diski mpya ijaribiwe kabla haijapewa faili hata moja.

`badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdX`

Amri hii inafuta kila kitu, kwa hiyo hakiki herufi ya diski mara mbili. Inaandika na kusoma diski nzima mara nne. TB 4 huchukua siku 2 hadi 3. Ikimaliza, endesha `smartctl -t long` (diski ijipime yenyewe), halafu, jaribio likiisha, `smartctl -A` uone hesabu zake. Mistari ya 5, 197 na 198, inayohesabu sekta mbovu, isome sifuri. Ikizidi, irudishe dukani na waranti yake. Wa 199, unaohesabu makosa ya kebo, ukipanda, badilisha kebo kwanza.

Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: piga hashi (alama ya kipekee ya kila faili, hubadilika faili ikiharibika) kwenye SSD ya sasa kabla ya kunakili.

`find . -type f -print0 | xargs -0 sha256sum > ../hashi.txt`

Ukipiga baada ya kunakili, faili iliyoharibikia njiani itapewa hashi yake mbovu, na kila ukaguzi utasema ni nzima. Kwenye kila nakala endesha `sha256sum -c --quiet ../hashi.txt`. Ikinyamaza, ziko salama.

MtunzaHati
Ahsanteni sana. Na tepu za LTO (kanda za sumaku za kuhifadhia data) je? Hiyo ya tatu tuikinge vipi na unyevu?

FundiDiski
LTO ni nzuri, ila draivu yake ni maelfu ya dola na usomaji una mipaka: ya LTO-9 husoma LTO-9 na LTO-8 tu. Kwa TB 3 haina maana.

Diski ya tatu itie kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, kisha kontena lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na silika jeli ya rangi ya chungwa. Ikigeuka kijani, ikaushe kwenye oveni, nyuzi 120, saa 2 hivi. Diski za kawaida zina tundu dogo la kupumulia, hivyo ukiitoa chumba chenye kiyoyozi na kuifungua papo hapo kwenye joto, umande huweza kuingia. Iache ndani ya kontena lililofungwa saa kadhaa ndipo uichomeke.

BiKumbukumbu
Ichomeke kila miezi 6 uikague kwa hashi. Na hiyo SSD msiifute mpaka nakala zote tatu zipite ukaguzi.