Ndege za kijeshi zilizostaafu na hewa ya chumvi

Mkazi wa Mikindani: Ndugu zangu, ndege ya kivita ikiwekwa nje ufukweni kama huku kwetu, ambako bati hutoboka mapema, itatunzwaje?

Fundi, Mtwara: Aluminiamu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwili wa ndege, haipati kutu nyekundu, bali hutoa unga mweupe, hasa kuzunguka skrubu za chuma, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ioshwe mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi, na vitundu vya kutolea maji tumboni vizibuliwe kabla ya mvua za Desemba.

Mzee wa Lindi: Naafiki, mwanangu. Marekani huhifadhi ndege zake zilizostaafu Davis-Monthan, kambi ya jeshi la anga huko Arizona, kwa kuwa jangwa lile ni kavu. Sisi tujenge paa. Matundu ya injini yazibwe pia, kunguru wasijenge viota.