MREJESHO: Ngazi ya kushukia chumba cha chini

Wakuu, mlionishauri kuhusu ngazi ya kushukia chumba cha chini ya ardhi hapa Mwanza, nawashukuru sana. Niliuliza namna ya kuifanya isiwe hatari kwa mama mkwe na watoto, na bado ipendeze. Kazi imekwisha.

Ile ya zamani tuliivunja yote. Vidato vyake havikulingana, na hapo ndipo watu hujikwaa, maana mguu ukishazoea kimo kimoja hautarajii kingine. Kutoka sakafu hadi sakafu ni sm 272. Fundi akagawa kwa 16, kila kidato kikapata kimo cha sm 17, na pa kukanyaga sm 28. Kimo mara mbili ukijumlisha na hiyo pa kukanyaga unapata sm 62, ndani ya ile sm 60 hadi 64 mliyonitajia kuwa hufanya ngazi ipandike bila taabu. Eneo ni fupi, kwa hiyo ngazi inakata kona kwenye jukwaa dogo katikati, na mama hupumzika hapo.

Vigae vinavyong'aa tulivikataa. Tumeweka terazo (saruji yenye vipande vidogo vya mawe, iliyosuguliwa), na ukingoni mwa kila kidato kuna mstari mweusi wenye mkwaruzo: unazuia utelezi na jicho linauona. Taa unaweza kuiwasha ukiwa juu au chini. Reli ni ya mninga, kimo sm 90; ndiyo iliyokula pesa, na ilistahili. Mama sasa anashuka bila kuomba mkono wa mtu.

Kilichobaki ni unyevu ukutani wakati wa masika. Aliyewahi kuzuia maji kwenye ukuta uliogusana na mwamba, naomba uzoefu wake.