Springsteen au Rod Stewart: tiketi ni moja, niende shoo ya nani?

Korosho_Ligula
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini hapa Ligula. Dada yangu anaishi Uingereza miaka mingi sasa, mwakani nikishauza korosho naenda kumtembelea, na shemeji kaniambia hawa waimbaji wawili wazee wa rock wakipita karibu na kwao atanikatia tiketi ya mmoja, nichague mwenyewe. Marehemu baba alikuwa na kanda za wote wawili, redio kaseti ikitafuna tepu tunairudisha kwa kalamu ya biki, kwahiyo hizi sauti nazijua toka sijaanza shule. Ila shoo ya rock laivu sijawahi kuiona hata siku moja, mi nimezoea dansi na hizi za vijana pale uwanja wa Nangwanda. Sasa Bruce Springsteen kazaliwa 1949, Rod Stewart 1945, watu wa umri huo nitegemee nini? Bado wanaimba kweli?

Baharia_Mikindani
Springsteen, mjomba. Mi nimemuona kwa macho yangu 2016 Göteborg, Uswidi, meli ilikuwa gatini na chifu injinia akawa na tiketi ya ziada. Uwanja unaitwa Ullevi. Wenyeji wakanisimulia kwamba 1985 alipiga hapohapo watu wakaruka mpaka uwanja ukaharibika, maana chini ni mfinyanzi, ikabidi ukarabatiwe. Mi nikajua chumvi za wapenzi wa muziki, kumbe kweli.
Sasa sikia. Hakuna msanii wa kutangulia, hakuna mapumziko, anaingia na bendi yake ya E Street wanaanza, wimbo unaisha anahesabu moja mbili tatu nne mwingine unaanza, zaidi ya saa tatu. Saa nne usiku bado kuna mwanga kule kiangazi kwahiyo unamuona vizuri, mi nilikuwa karibu na uzio, shati lake limelowa mpaka kwenye mkanda, anachukua sponji anajikamulia maji kichwani anaendelea. Anashuka kwa watu, anashikwa mikono, mzee mmoja pembeni yangu machozi yanamtoka na wala hajifuti. Rekodi yake ya shoo ndefu ni Helsinki 2012, alipiga kwa muda wa saa nne na dakika sita. Hapo ujue miguu itaongea.

MamaShangani
Kaka Baharia umesema vizuri ila huyu mdogo wetu ndo mara yake ya kwanza, saa tatu za kusimama na nyimbo nusu hazijui atachoka. Mi namtetea Rod. 2000 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi ya shingo, sauti ikapotea akaanza kujifunza kuimba upya. Halafu juni 2025 nikamwona kwenye runinga yuko Glastonbury, miaka 80, na wiki chache kabla alikuwa ameahirisha shoo kwa kuumwa mafua. Sauti ilikuwa na mikwaruzo kuliko zamani, nakubali, lakini ile mikwaruzo ndo yeye, toka ujana alikuwa nayo.
Kwake utegemee nyimbo unazozijua mwanzo mwisho. Anabadilisha suti, akienda kubadilisha wale wadada wa bendi wanaachiwa wimbo wanaimba wenyewe na wanaimba haswa, kuna violini, kuna kinubi. Na mipira! Ni shabiki wa kufa wa Celtic, timu ya mpira ya Scotland, miaka na miaka anapiga mipira kwa watu kutoka jukwaani. Shoo kama saa mbili hivi unarudi kwa dada yako mapema.

Spika_Lindi
Nimefunga vyombo harusi na dansi Lindi hii miaka mingi kwahiyo niongee upande wangu. Swali la "bado wanaimba" mnalijibu nusu. Koo la mtu wa miaka 75 halifiki juu kama la 30, kwahiyo bendi inashusha wimbo, yaani wanapiga chini kidogo kuliko kwenye kanda, na ile noti ya juu kabisa wanaachiwa waitikiaji au watu uwanjani. Huo sio udanganyifu. Hata Gurumo wa dansi, alipokuwa mtu mzima bendi ya Msondo, hukwenda kusikia sauti yake ya ujana enzi za NUTA Jazz, ulikwenda kusikia mwenye wimbo anausemaje leo. Ukienda umekariri kanda utaumia kwa wote wawili.
Kingine, nafasi. Uliza fundi wa sauti kakaa wapi, ile mixa wanaiwekaga katikati mbele ya jukwaa, muziki wote unapangwa kwa masikio ya pale. Kiti cha jirani na pale ni bora kuliko cha mbele kabisa pembeni ambako unapigwa na besi tu. Uwanja wa mpira ukikaa mita 100 sauti inachelewa karibu theluthi ya sekunde, mdomo kwenye skrini na maneno haviendi pamoja. Kwahiyo Springsteen uwanjani nyuma kabisa, au Rod kwenye ukumbi karibu? Mi nachukua Rod.

Chuno_B
Muda jamani. Sio kama huku bendi inapanda saa sita usiku. 2012 Hyde Park London, Springsteen yuko jukwaani na Paul McCartney, muda wa kibali ukapita wakazimiwa sauti hapohapo. Fika mapema.

Baharia_Mikindani
Spika umenigusa kwenye nafasi, hilo kweli. Ila mi bado nasema saa tatu zile hazikunichosha.

Korosho_Ligula
Asanteni sana wote. Jana nimempigia mama nikamuuliza baba alikuwa anampenda nani zaidi. Akanyamaza kidogo, akasema kanda ya Rod ndo ilikuwa ya jumapili asubuhi, akiwa anapasi shati kwa pasi ya mkaa anaimba maneno asiyoyajua. Mi nilikuwa nimeisahau kabisa ile pasi. Naenda kwa Rod. Shemeji nimeshamwambia atafute kiti jirani na mixa.

MamaShangani
Mdogo wangu, baba yako angefurahi. Beba vizibo vya masikio, na begi kubwa uliache kwa dada maana getini wanalikataa.

Baharia_Mikindani
Na mpira ukija upande wako, dakia mjomba. Uulete Mikindani tuuone.