Laptopu ya mama bado ni Windows 7, na anarudi Bukoba wiki ijayo

Kutoka: Kisaasi

Habari za jioni ndugu zangu,

Mama yuko kwangu hapa Kisaasi, Kampala, tangu mwezi uliopita. Alikuja na basi kupitia mpaka wa Mutukula, laptopu yake ameifunga kwenye kitenge, na Jumapili ya wiki ijayo anarudi Bukoba. Nataka aondoke nayo ikiwa nzima.

Ni ya mwaka 2014, prosesa Core i3 ya kizazi cha 4, RAM GB 4, Windows 7. Kuwaka tu inachukua dakika sita, nimepima kwa saa. Chrome imegota toleo la 109 na kurasa nyingine hazifunguki. Lakini humo ndimo zilimo hesabu za kikoba chao tangu akina mama wamchague mweka hazina, na picha za marehemu baba.

Fundi mmoja wa mjini kaniambia niilete asubuhi, ananipigia Windows 11, mchana naichukua. Nilipomuuliza kuhusu mafaili akasema nisiwe na wasiwasi. Jibu hilo limeninyima usingizi. Nyinyi mngefanyaje?

Kutoka: Bukoto

Dada, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama.

Usiipeleke bado. Mwaka 2020, Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 7, nilichukua kompyuta ya baba mkubwa nikampa fundi. Ikarudi siku hiyohiyo, nyepesi kabisa, na tupu. Barua zote alizoandika miaka akiwa karani wa msikiti zilifutwa ili Windows mpya ikae. Kosa ni langu. Fundi aliambiwa apige Windows, akapiga. Hakuna aliyemwambia ndani kuna nini. Baba mkubwa hakunigombeza, akanyamaza tu, na ule ukimya bado ninao.

Tangu siku hiyo sifuti diski ya mzee yeyote. Naitoa na kuweka nyingine. Nunua SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi, ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 zinamtosha mama. Zima laptopu, toa betri, fungua skrubu za chini, chomoa diski ya zamani, hamishia fremu yake ya chuma kwenye SSD, rudisha. Ile ya zamani ifunge kwenye bahasha, andika tarehe, weka kabatini. Hata mkiharibu kila kitu usiku huo, mnarudisha diski ile na asubuhi mama anakuta laptopu yake kama alivyoiacha. Pamoja na hayo, nakili mafaili kwenye diski ya nje kabla hujashika bisibisi, maana diski ya miaka kumi na zaidi inaweza kufa ikiwa kabatini.

SSD ndiyo itakayoondoa zile dakika sita, kuliko kitu kingine chochote. RAM nayo iongeze ifike GB 8 kama kuna nafasi. Kwa laptopu nyingi za kizazi hicho dukani uliza DDR3L. Wakikupa DDR4 haitaingia, mkato wake uko mahali pengine, usiilazimishe.

Sasa Windows 11. Orodha rasmi ya Microsoft ya prosesa za Intel, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha 8, na mashine iwe na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Ya mama haimo. Fundi ana njia ya kuruka ukaguzi, na itawaka, sikatai. Lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine zilizoingizwa hivyo, na toleo kubwa la kila mwaka kwa kawaida halitajileta lenyewe, mtu atalazimika kuliingiza kwa mkono. Huko Bukoba nani atafanya hivyo? Wewe uko Kisaasi.

Mimi ningemwekea Linux Mint 22, mfumo mwingine badala ya Windows, lile toleo jepesi la Xfce. Haina malipo, na masasisho yake yapo hadi 2029. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Basi usimwamulie. Mkalishe mama, washa kutoka kwenye flashi, mpe saa nzima. Afungue hesabu zake kwa LibreOffice, programu ya humo inayosoma mafaili ya Excel, achape ukurasa mmoja, apige simu ya video, aangalie kama Wi-Fi, spika na kamera vinaitikia. Akisema hataki, umepoteza saa moja tu. Mikono yake ndiyo itakayoitumia.

Bando msilimalize kupakua. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, la Mint linakaribia 3, na data hapa Uganda ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Flashi ya Mint ninayo tayari, pitia uichukue.

Kutoka: Entebbe

Naunga mkono kuhusu diski, ila wengine wasisome hapo juu wakadhani kila laptopu ya zamani ni ya Linux. Ya baba mkwe wangu ina Windows 10 na kizazi cha 8. Tuliingia kwenye mipangilio, sehemu ya masasisho, ikajipandisha yenyewe hadi 11 bila malipo na bila kufuta kitu. Tulichofanya ni kuichomeka kwenye UPS, ile betri ya akiba, kwa sababu betri yake imekufa na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ni msiba.

Walio na Windows 10 kwenye mashine isiyokubali 11: huduma yake ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Inampa mzee muda wa kuzoea wazo la kubadilisha. Kwa Windows 7 nyongeza hiyo haipo.

Kutoka: Jinja

Dada, angalia saa ya hiyo laptopu. Kama kila ikizimwa inarudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya ndani imekwisha, na tarehe ikiwa si sahihi kurasa nyingi zitakataa zikisema si salama. Laptopu nyingi hutumia CR2032, nyingine zikiwa na waya wake. Mkifungua kwa ajili ya SSD, badilisheni na hiyo palepale.

Kutoka: Kisaasi

Ndugu zangu, asanteni sana. Kaka wa Bukoto, mama anasema marahaba, na kwamba umelelewa.

Tuliianza jana. Saa nayo ilikuwa imerudi 2014, kama alivyosema wa Jinja. Kabla ya yote tulinakili mafaili, na hapo ndipo tulipochelewa: mama aliona picha ya baba amesimama ufukweni Bukoba na baiskeli, akataka tuzitazame zote. Tulifunga kazi saa sita usiku bila kugusa skrubu hata moja, nami sijutii.

Asubuhi tukaiwasha kwa flashi. Alikaa kimya kama nusu saa anabofya, kisha akauliza kama herufi zinaweza kuwa kubwa zaidi. Nilipoziongeza akasema, "Hii niwekee." Sasa inawaka chini ya nusu dakika. Faili la Excel limefunguka na majina yote ya wanachama na michango yao, hakuna kilichopotea. Diski ya zamani iko kwenye bahasha, ameandika tarehe mwenyewe kwa mwandiko wake wa ualimu.

Limebaki jambo moja. Katika lile faili kuna kitufe ambacho kijana mmoja wa huko kwao aliwatengenezea, ukikibonyeza kinagawa faida ya mwisho wa mwaka kwa kila hisa. Kwenye LibreOffice kinatoa kosa. Mama anasema wagawane kwa daftari kama zamani, lakini wanachama ni 28 na macho yake si ya zamani. Kuna anayejua kuandika upya kitu cha namna hiyo kwa fomula za kawaida? Nitamtumia nakala isiyo na majina. Basi ni Jumapili asubuhi.