Ukoka umenishinda: nimwage kokoto uani?

MamaUani, Bamburi
Asalaam aleikum. Ua wangu wa nyuma ni mita 6 kwa 5. Ukoka nimepanda mara tatu. Mvua za Mei unapendeza, kaskazi ikivuma Januari wote umeungua. Maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, kwa hivyo nanyunyizia ya kisima, nayo yana chumvi hata chai hayafai. Udongo ni shubiri moja, chini jiwe la matumbawe. Kilichoshamiri ni ndago tu. Nataka ning'oe vyote nimwage kokoto. Mama hutembea kwa mkongojo na kila alasiri hukaa chini ya mwarobaini, hapo sitaki kumharibia. Jirani anasema nitandike nailoni kwanza. Ni sawa?

FundiMawe, Likoni
Waaleikum salaam dada. Chumvi ndiyo iliyoua ukoka: jua hukausha maji, chumvi hubaki udongoni, na kila ukinyunyizia inazidi.

Kokoto ni sawa, ila nailoni usitandike kabisa. Mvua kubwa ikinyesha maji yatakosa pa kupita, yatasimama mpaka mlangoni. Na ndago haizuiwi na nailoni, ncha yake kama sindano. Chini ina viazi vidogo vilivyoungana kama shanga. Ukivuta majani, viazi vinabaki na kuchipua. Chimba kwa jembe la meno, chekecha udongo, vitoe. Ngoja wiki tatu, vilivyosalia vitachipua, chimba tena. Mimi niliwahi kuharakisha kazi ya mteja. Miezi miwili ndago imejaa katikati ya mawe, ikabidi nizoe kokoto zote kwa karai nianze upya. Iliniuma sana.

Unene sentimita 5 watosha, ukizidisha mguu unazama. Kwa ua wako ni mita 1.5 za ujazo, tani mbili na kidogo. Chukua za nusu inchi zilizopondwa, zenye kona, hizo hushikana. Za mviringo huteleza. Nyeupe za matumbawe achana nazo, hutoa vumbi na mchana zaumiza macho. Zungushia ukingo wa mawe zisitawanyike.

BintiTudor
Dada, mkongojo na kokoto havipatani. Nyanya yangu alianguka hivyo hivyo. Panga mapande ya mawe ya Mazeras kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye mwarobaini, yawe mapana, na pale anapokaa pia, ili kiti kisiyumbe. Majani yakianguka tumia reki. Ufagio wa chelewa utazikokota kokoto.

MamaUani
Shukran sana. Nailoni nimeiacha. Leo nimechimba kona moja tu nikapata nusu karai ya viazi vya ndago! Mama ameketi akinitazama, akauliza mrehani wake utakaa wapi. Nimemwambia kwenye chungu kikubwa kando ya kiti chake, niumwagilie maji ya mfereji.

FundiMawe, Likoni
Toboa chungu chini, uinue juu ya mawe mawili.