Kipandauso na maltipo sklerosisi: nyinyi mnafanyaje?

Mama wa Wete:
Asalaam alaykum. Nina maltipo sklerosisi, yale maradhi ya kinga ya mwili kushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo, mwaka wa 4 sasa. Kinachonitesa si miguu, ni kipandauso. Juzi karafuu zimeanikwa majamvini mpaka mlangoni. Kwa ile harufu na jua, upande wa kushoto ukaanza kugonga kama mchi kinuni. Nikajifungia chumbani, khanga mbichi usoni, natapika hadi magharibi. Ndiyo maradhi yanazidi?

Bi Chake:
Pole sana dada'angu. Na mimi niliogopa hivyo hivyo. Kipandauso huwapata zaidi wenye maradhi yetu, lakini kikija si lazima iwe neva zimeshambuliwa upya. Unachoma interferoni, ile sindano ya maradhi yetu? Nayo huumiza kichwa.

Mkaazi wa Mkoani:
Andika daftarini siku, saa, na ulichokula. Parasetamoli usiizoee: ukimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mfululizo, dawa yenyewe huzua maumivu. Na jicho likiuma ukiligeuza, uoni ukafifia, tafadhali dada usingoje, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama wa Wete:
Sichomi, nameza vidonge. Jicho zima, alhamdulillahi. Majamvi nimeomba yahamishiwe uani.